Kumtafuta Babu Mvuvi: Vyanzo vya Historia Vinapofanya Kazi Pamoja

Utangulizi

Ndugu mtahiniwa, swali la vyanzo vya historia ni miongoni mwa maswali yanayoonekana mepesi. Wanafunzi wengi huweza kuvitaja bila kusita: masimulizi ya mdomo, nyaraka, akiolojia, isimu, anthropolojia na makumbusho. Ugumu huanza pale swali linapokutaka ueleze jinsi chanzo kimoja kinavyosaidia au kusahihisha kingine. Hapo orodha haitoshi. Unahitaji mfano unaouelewa mwanzo hadi mwisho.

Katika mada hii tutamfuata mtu mmoja tu: mvuvi wa pwani ya Tanganyika aliyezaliwa karibu na mwaka 1890. Kwa umri, huyu anaweza kuwa babu mzaa babu wa mwanafunzi wa kidato cha nne wa leo. Tumemchagua mvuvi maskini kwa makusudi. Masultani waliandikiwa tarikh zao. Matajiri wa Pwani waliacha vitabu vya hesabu, na wenye mashamba waliacha hati. Mvuvi wa ngalawa hakuacha kitu cha aina hiyo. Bahari haina hati miliki, samaki huliwa au huuzwa siku ileile, ngalawa huoza, na mwenyewe huhama kufuata upepo. Ukiweza kumpata yeye, unaweza kumpata karibu mtu yeyote. Kama ukoo wako ni wa wakulima, wafugaji au wavuvi wa ziwani, hatua ni zilezile. Majina ya mahali na matukio ndiyo yatakayobadilika.

Shika hoja hii moja tangu sasa, maana mada yote inaizunguka: karatasi nyingi zinazomtaja mtu wa kawaida ziliandikwa na mtu aliyekuwa akitaka kitu kutoka kwake. Aliyetaka kodi aliandika kodi. Aliyetaka kudai deni aliandika deni. Aliyetaka mpagazi wa vita aliandika mpagazi. Hakuna karani aliyetumwa kuandika kwamba mtu huyu alijua kusoma nyota au kwamba alilea mayatima watatu. Hayo utayapata kwa watu. Kwa hiyo, kila ukishika chanzo, jiulize maswali matatu:

(a) Nani alikitoa au kukiandika?
(b) Alitaka nini?
(c) Ni kipi hakikumhusu, kwa hiyo akakiacha?

Hatua ya kwanza: anza nyumbani

Mtafiti anayekimbilia nyaraka kabla ya kuwasikiliza wazee hupoteza muda. Nyaraka hazikupangwa kwa majina ya mababu. Zimepangwa kwa ofisi, kwa wilaya na kwa jambo. Bila kujua mahali na kipindi, hutajua hata jalada la kuomba. Vitu hivyo viwili huvipata kwa wazee.

Waulize wazee zaidi ya mmoja, na kila mmoja peke yake. Ukiwakalisha pamoja, mkubwa atasema na wengine wataitikia. Usiwasahau bibi na shangazi. Mara nyingi wanaume hukumbuka vyombo na safari, na wanawake hukumbuka nani alizaliwa kabla ya nani, nani aliolewa wapi, na mwaka gani nyumba ilikosa chakula. Mpangilio huo wa vizazi ndio uti wa mgongo wa utafiti wako.

Usianze na swali pana kama "Babu alikuwa mtu wa namna gani?" Uliza mambo yanayoshikika:

1. Alivua kwa nini: mshipi, dema, wando, jarife au juya? Kila zana ina mahali pake. Wando hujengwa ufukweni, kwa hiyo mwenye wando ni mtu aliyekaa mahali pamoja. Jarife huhitaji chombo na wenzake wa kusaidiana.

2. Alitumia chombo gani: mtumbwi, ngalawa, dau au mashua? Kilikuwa chake au cha tajiri? Mapato yaligawanywaje?

3. Alipiga dago wapi? Dago ni kambi ya muda ya wavuvi mbali na kwao. Jibu la swali hili hukueleza kwa nini mtu mmoja anakumbukwa katika vijiji vitatu.

4. Alizikwa wapi, na nani aliyekuwepo?

Omba pia kuona vitu vya nyumbani. Baadhi ya familia ziliandika tarehe za kuzaliwa watoto kwenye kurasa tupu za msahafu au kitabu kingine, mara nyingi kwa herufi za Kiarabu. Stakabadhi ya kodi iliyokunjwa ndani ya kasha ni chanzo cha msingi, yaani chanzo kilichotokea wakati wa tukio lenyewe. Kitabu cha kiada ulichonacho darasani ni chanzo cha upili, kwa kuwa mwandishi wake alitumia vyanzo vya wengine.

Hatua ya pili: geuza kumbukumbu kuwa tarehe

Mzee hatakuambia "mwaka 1905". Atasema, "Wakati wa Majimaji babu alikuwa ndiyo kwanza anashika kasia." Hiyo ni tarehe kamili kwa anayejua kuisoma. Kariri matukio haya ya pwani. Yatakusaidia katika utafiti na katika mtihani:

1872: tufani iliyovunja vyombo na kuangusha mikarafuu Unguja, ikapiga pia Bagamoyo.
1888 hadi 1889: upinzani wa watu wa Pwani dhidi ya Wajerumani, chini ya Abushiri bin Salim na viongozi wengine.
1898: Wajerumani waanza kutoza kodi ya nyumba.
1905 hadi 1907: vita vya Majimaji, vilivyoanzia Umatumbi, bara ya Kilwa.
1914 hadi 1918: Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia. Mwezi Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamia katika delta ya Rufiji.
1922: utumwa wapigwa marufuku kisheria Tanganyika.
1952: tufani ya Lindi.
1961: uhuru wa Tanganyika.

Sasa piga hesabu. Kijana wa pwani angeweza kuanza kushika kasia akiwa na miaka kati ya 12 na 15. Kama alikuwa na umri huo mwaka 1905, alizaliwa kati ya 1890 na 1893. Andika hivyohivyo: "kati ya 1890 na 1893". Usiandike "1891" ili jibu lionekane la kitaalamu. Mwanahistoria mzuri huonyesha upana wa makadirio yake.

Kuna mambo matatu ya kuangalia katika tarehe za pwani.

Kwanza, kalenda ya Hijria. Mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hiyo ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku 11 hivi. Kwa makadirio, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mfano: 1320 × 0.97 = 1280.4, ukiongeza 622 unapata 1902.4. Kweli mwaka 1320 Hijria ulianza Aprili 1902.

Pili, majira. Mvuvi huhesabu kwa kaskazi na kusi, kwa bamvua na maji mafu, na katika sehemu nyingine kwa miongo ya siku kumikumi tangu Nairuzi. Maneno haya hukupa majira ya mwaka, hayakupi mwaka wenyewe. "Alikufa kaskazi" ina maana ni kati ya Novemba na Machi hivi. Mwaka utautafuta kwa njia nyingine.

Tatu, fedha. Mzee akisema babu alilipwa kwa rupia, usikimbilie kusema ni wakati wa Wajerumani. Unguja iliendelea kutumia rupia hadi mwisho wa mwaka 1935. Mvuvi wa Mafia au Kilwa aliyeuza ng'onda na papa Unguja angeweza kushika rupia miaka mingi baada ya Tanganyika kuingia katika shilingi.

Hatua ya tatu: lijue jina lake kwenye karatasi

Watu wa pwani hawakuwa na jina la ukoo la kudumu kama la Wazungu. Mtu alitajwa kwa jina lake, la baba na la babu: Juma bin Hamisi bin Makame. Mwanamke aliitwa binti Hamisi. Maana yake ni kwamba jina la mwisho hubadilika kila kizazi. Ukitafuta "Makame" katika karatasi za mjukuu wake, huenda usimwone kabisa. Tena majina kama Juma, Hamisi na Ali yalikuwa mengi mno. Majina mawili yanayofanana hayatoshi kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja. Angalau tafuta jambo la tatu: kijiji, kazi, jina la mke au jina la chombo.

Angalia pia tahajia. Karani Mjerumani aliandika kwa masikio ya Kijerumani. Kwenye karatasi zao Bagamoyo huonekana kama Bagamojo, Kilwa Kivinje kama Kilwa Kiwindje na Mwanza kama Muansa. Kwa kanuni hiyohiyo, sauti ya "sh" huandikwa "sch", na "j" huweza kuandikwa "dj" au "dsch". Kabla hujasema "hayumo", liandike jina kwa namna zote hizo kwenye daftari lako.

Hatua ya nne: nyaraka na mipaka yake

1. Kumbukumbu za kodi. Hizi ndizo zilizowagusa watu wengi zaidi, kwa kuwa hata asiye na shamba alikuwa na nyumba. Zilipitia kwa maakida, majumbe na, katika miji ya pwani, maliwali. Udhaifu wake ni kwamba zilihesabu walipaji. Wake, watoto, na mvuvi aliyekuwa dago siku ya kuhesabiwa, huweza kukosekana. Tena majina hayakuhifadhiwa kila mahali. Mara nyingi kilichobaki ni jumla ya fedha za eneo zima.

2. Mashauri ya makadhi na maliwali. Hapa hupatikana ndoa, talaka, mirathi na madeni. Kwa mtafiti wa wavuvi hili ni eneo lenye utajiri, kwa sababu tajiri aliyemkopesha mvuvi wavu au tanga alitaka alipwe. Udhaifu wake ni kwamba watu huenda barazani wakati wa ugomvi. Mvuvi aliyelipa deni lake kwa wakati hana shauri. Ukiwasoma waliogombana tu, utadhani kijiji kizima kilikuwa cha wagomvi.

3. Hati za uhuru. Serikali ya Kijerumani ilitoa hati kwa watumwa waliojikomboa au kukombolewa, na amri yake ya mwaka 1904 ilisema watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Wavuvi na mabaharia wengi wa zama hizo walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Tutalirudia jambo hili.

4. Orodha za mabaharia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliolenga kuzuia biashara ya watumwa, ulitaka vyombo vya kienyeji vilivyopeperusha bendera ya dola iliyotia saini viwe na hati ya bendera na orodha ya mabaharia. Mvuvi aliyeajiriwa msimu mmoja katika jahazi la biashara huenda akaonekana humo. Akiwa kwenye ngalawa yake, haonekani.

5. Kumbukumbu za vita. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walitumika kama wapagazi kati ya 1914 na 1918, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza. Orodha za wapagazi ziliandikwa kwa ajili ya posho na mshahara. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawakumbuka kwa ujumla. Majina yao hayakuchongwa hapo.

6. Madaftari ya misheni. Yanaonyesha ubatizo, ndoa na maziko. Misheni ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868. Madaftari haya ni mazuri sana kwa familia za Kikristo, lakini wavuvi wengi wa pwani walikuwa Waislamu, kwa hiyo hawamo.

7. Sensa. Sensa za 1948 na 1957, na ile ya kwanza baada ya uhuru ya 1967, hutoa idadi ya watu kwa maeneo. Taarifa za mtu mmojammoja ni siri. Sensa haitakuonyesha babu yako, ila itakuonyesha ukubwa wa jamii aliyoishi ndani yake.

Nyaraka hizi ziko wapi? Kwa Tanzania Bara, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina majalada ya wakati wa Wajerumani na wa Waingereza, pamoja na vitabu vya wilaya ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika habari za maeneo yao. Nyaraka za Kijerumani zilizomo humo ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Kwa Unguja na Pemba kuna Nyaraka za Taifa Zanzibar, zilizoko Kilimani. Kwa kawaida majalada ya serikali hufunguliwa kwa watafiti baada ya miaka 30. Ukifika, usimwambie mhudumu "namtafuta babu yangu". Mwambie wilaya, kipindi na jambo: "Naomba majalada ya Kilwa, miaka ya 1920, kuhusu uvuvi au mashauri ya liwali."

Mfano uliofanyiwa kazi

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya zoezi, ila matatizo yaliyomo ndiyo yanayowakuta watafiti wa kweli.

Familia moja ya Kilwa Kivinje inasema mambo matatu kuhusu babu yao, Makame bin Shomari. Kwanza, alitoka Mafia akahamia Kivinje "mwaka ule manowari ya Mjerumani ilipozama Rufiji". Pili, alikuwa na mashua yake mwenyewe. Tatu, hakuwahi kudaiwa na mtu.

Mtafiti anapata karatasi mbili. Ya kwanza ni orodha ya kodi ya mwaka 1912 ya Kilwa Kiwindje yenye jina "Makame bin Schomari, mvuvi". Ya pili ni shauri la mwaka 1924 mbele ya liwali: tajiri anamdai Makame bin Shomari, nahodha, bei ya tanga la mashua. Shauri linasema mashua ni ya tajiri.

Mwanafunzi mwenye haraka atasema, "Familia imekosea mara tatu, nyaraka ndizo zenye ukweli." Tusiende hivyo. Tupime hoja moja moja.

Kuhama. Familia inaonyesha mwaka 1915, orodha inaonyesha 1912. Kuna uwezekano wa aina tatu. Huenda ni watu wawili wenye jina moja. Huenda alikuwa akipiga dago Kivinje kila msimu na akahesabiwa huko mara moja, kisha akahamia moja kwa moja na familia mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wameiteka Mafia na vita vimeingia baharini. Au huenda wazee wameunganisha kuhama kwake na tukio kubwa linalokumbukwa kirahisi. Uwezekano wa pili unapatanisha vyanzo vyote viwili, lakini haujathibitishwa. Kinachoweza kuupa nguvu ni jambo la tatu, kwa mfano mtoto wake aliyezaliwa Mafia kati ya 1912 na 1915.

Mashua. Hapa vyanzo vinaonekana kupingana, lakini swali la "nani alitaka nini" linatusaidia. Liwali alikuwa akiamua mali, kwa hiyo aliandika nani mwenye chombo kwa sheria. Familia inakumbuka kazi. Nahodha anayeondoka na chombo alfajiri, anayechagua mahali pa kutega na anayebeba roho za watu, husema "chombo changu" hata kama mbao ni za tajiri. Wanawe husema "mashua ya baba". Kila chanzo kimesema kweli kuhusu jambo lake. Ukiweka pamoja, unapata maarifa ambayo chanzo kimoja pekee kisingekupa: Makame alikuwa nahodha mwenye kuaminiwa, asiye na mtaji.

Deni. Familia inasema hakudaiwa. Shauri linasema alidaiwa. Hapa karatasi ina nguvu zaidi, kwa sababu shauri liliandikwa wakati uleule, na kwa sababu familia ina sababu ya kulinda heshima ya mzee wao. Hata hivyo soma hadi mwisho: kudaiwa si sawa na kushindwa shauri. Kama hukumu haimo kwenye jalada, huwezi kuandika kwamba alikuwa mdaiwa sugu.

Hitimisho la mtafiti litakuwa na ngazi tatu:

Tunaloweza kulisema kwa uhakika: mwaka 1924 palikuwa na nahodha wa mashua Kilwa Kivinje aitwaye Makame bin Shomari, aliyefanya kazi na chombo cha tajiri.
Tunaloliona linaelekea kuwa kweli: ndiye babu wa familia hii, kwa kuwa jina, kazi na mahali vinalingana.
Tusilolijua: kama ndiye aliyeandikwa mwaka 1912, na jinsi shauri lilivyoisha.

Ngazi hizi tatu ndizo zinazotenganisha historia na hadithi. Zitumie katika insha zako.

Anaponyamaza mzee

Utafiti wa aina hii unagusa watu walio hai, kwa hiyo una maadili yake. Pengine utauliza, "Na baba yake Makame alitoka wapi?" na mzee atabadilisha mazungumzo. Usidhani amesahau. Katika miji ya pwani kama Kilwa Kivinje na Bagamoyo, watu wengi waliletwa kutoka bara kwa nguvu katika karne ya 19. Baada ya utumwa kupigwa marufuku, wengi walichagua kutouzungumza ili watoto wao waoe, waolewe na waheshimiwe kama wengine. Ukimya huo ulikuwa ngao, na ulifanya kazi yake.

Kwa mwanahistoria, ukimya nao ni ushahidi, lakini si mali yake ya kuitangaza. Fuata mambo manne. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Eleza utatumia taarifa kwa kazi gani. Mzee akisema "hili lisiandikwe", usiliandike. Na usitumie ulichokipata kumdhalilisha mtu au kudai cheo cha ukoo. Aliyetekwa hakutenda kosa. Kosa ni la aliyemteka. Mjukuu anayelijua hilo hana sababu ya kuona haya, ila uamuzi wa kusema ni wa familia.

Kumbuka pia tofauti hii ya kiutendaji: jalada lililohifadhiwa vizuri leo litakuwepo hata ukimaliza chuo, lakini bibi mwenye miaka 88 huenda asiwepo likizo ijayo. Kwa hiyo kama muda ni mchache, anza na bibi. Andika jina la msimuliaji, tarehe na mahali juu ya kila ukurasa, na maneno yake uyaandike kama alivyoyasema.

Muhtasari wa kukariri

1. Masimulizi huonyesha mahali, kipindi na maana. Nyaraka hutoa tarehe na vitu vilivyoihusu serikali au mdai.
2. Udhaifu wa masimulizi: kusahau, kuunganisha matukio, kulinda heshima.
3. Udhaifu wa nyaraka: hutazama kwa jicho la mwandishi, huwaacha wanawake, watoto na maskini, na hukosea majina.
4. Vyanzo vikipingana, tafuta kwanza kama vinazungumzia jambo lilelile.
5. Kutoonekana kwenye nyaraka si ushahidi kwamba mtu hakuwepo.

Maswali ya kujipima

1. Eleza sababu nne zinazofanya iwe vigumu kupata habari za mvuvi wa karne ya 19 katika nyaraka za serikali.

2. Mzee anasema baba yake alizaliwa mwaka 1328 Hijria. Kadiria mwaka wa Miladia, uonyeshe njia.

3. "Nyaraka za kikoloni hazina faida kwa anayetafuta historia ya watu wa kawaida." Jadili kwa hoja sita.

Mwongozo wa kujibu

Swali la 1: Usiishie kusema "hakujua kusoma". Eleza kuhama kwa misimu, kutokuwa na ardhi iliyosajiliwa, mfumo wa majina usio na ukoo wa kudumu, na malengo ya waandishi wa nyaraka. Kila sababu ipewe mfano mmoja.

Swali la 2: 1328 × 0.97 = 1288.16; ongeza 622, unapata 1910.16. Jibu: karibu na mwaka 1910.

Swali la 3: Neno "jadili" linataka pande zote mbili. Toa hoja tatu zinazounga mkono kauli, kwa mfano kwamba ziliandikwa kwa manufaa ya mtawala, na tatu zinazoipinga, kwa mfano kwamba mashauri ya madeni huonyesha mahusiano ya tajiri na nahodha ambayo hayakuandikwa kwingine. Kisha toa msimamo wako. Mfano wa Makame unaweza kuutumia, lakini ukiweza kumtumia babu yako mwenyewe, kwa majibu uliyoyapata nyumbani, hoja yako itakuwa na uzito zaidi, na utakuwa umeandika ukurasa wa historia ambao haumo katika kitabu hiki wala kingine chochote.